Muulize Bibi: Mjomba hataki nimchague asiyeswali

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni kijana wa Mikindani, nalelewa na mjomba. Udiwani kwenye kata yetu wanagombea wawili. Mmoja hakosi swala ya Ijumaa. Wa pili kazaliwa Mkristo, lakini kanisani hatumwoni na msikitini ndiyo kabisa. Mjomba anasema asiye na dini hamwogopi Mungu, hela zetu atazila. Mimi namkumbuka huyo wa pili alivyohangaika mpaka pampu ya kisima ikatengenezwa. Nikimpa kura nitakuwa nimemkosea mjomba?

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Kwetu Wamakonde mjomba hajibiwi ovyo, kwa hiyo usibishane naye barazani. Tena hoja yake si ya kipuuzi. Anatafuta alama ya kumjua mtu atakayeogopa kuiba hata kama haonekani.

Hata mimi niliiamini alama hiyo. Mwaka mmoja ada za shule zilinibana, nikauza korosho kwa kangomba, yaani kwa mlanguzi anayepima kwa bakuli. Aliyenipimia ana sijda kwenye paji la uso. Bakuli likajazwa hadi likamwagika, nikalipwa ya kilo moja. Msimu uliofuata nikamkimbilia mwenye rozari shingoni. Bakuli lilikuwa lilelile. (Najua kangomba imekatazwa, nimeshatubu.)

Watu hupenda kuhesabu dini za marais. Mwinyi Mwislamu, 1995 akaja Mkapa, Mkatoliki wa kwetu Lupaso, 2005 Kikwete Mwislamu, 2015 Magufuli Mkatoliki, utadhani ni foleni ya ndoo kisimani. Katiba haina foleni hiyo. Mwaka 2021 Mama Samia aliapishwa kwa kuwa alikuwa Makamu wa Rais na Rais amefariki, basi. Ibara ya 20 inakataza kusajili chama chenye lengo la kukuza dini fulani. Chama kinazuilika, moyo wa mjomba wako hauna msajili.

Wala si sisi peke yetu. Mwaka 1960 Marekani, John Kennedy alipogombea urais, Waprotestanti wengi walihofu kuwa Mkatoliki atapokea amri kutoka kwa Papa. Akaenda Houston, akasimama mbele ya wachungaji wao, wakamuuliza maswali uso kwa uso, akawajibu.

Nenda na mjomba kwenye mikutano ya kampeni, ya wote wawili, maana huyo wa Ijumaa huenda ndiye bora na wewe umemnyima nafasi kwa sababu ya pampu moja. Mwache mjomba ndiye aulize: pampu ikifa tena, fundi analipwa kwa fungu gani? Salfa ya mikorosho ikichelewa, utambana nani? Mtazameni anavyojibu, na kama anajibu.

Siku ya kura, kwenye kituturi utaingia peke yako. Jioni mjomba akikuuliza umempa nani, mwambie kwa adabu kuwa kura ni siri. Ila usiende mikono mitupu, mpitishie hata changu wawili wa kukaanga.