Mnaoanza kujaza ritani: kudai gharama za kazi kuna utaratibu wake

Msimu wa ritani, ile fomu ya kodi ya kila mwaka, ukifika maswali ni yale yale, wengine wameajiriwa juzi tu wanajaza ya kwao, wengine wameanza kazi kwenye ofisi za kuwajazia watu, na karibu wote wanaanza na "naweza kudai nini?" Wadogo zangu, hilo ni swali la tatu. La kwanza unajaza ritani ya nchi gani na kwa sheria ya hiyo nchi wewe ni nani, umeajiriwa au umejiajiri. La pili hela uliyotoa inahusiana vipi na hela uliyoingiza. Hayo mawili yakishakaa sawa la tatu linakuwa rahisi sana.

Hilo la nchi watu wanalidharau mno. Mtu kaangalia video ya Australia, anaishi Marekani, anakuja na listi ndefu ya vitu vya kudai na amekasirika kabisa ukimwambia haiwezekani. Marekani kuanzia mwaka wa kodi 2018, kwenye ritani ya serikali kuu, mtu aliyeajiriwa haruhusiwi tena kutoa kwenye kipato chake gharama za kazi ambazo bosi hakumrudishia. Sheria ya 2017 ilisimamisha, iwe mpaka 2025, afu sheria ya 2025 ikafanya iwe moja kwa moja, wamebaki wachache wenye vifungu vyao kama baadhi ya wanajeshi wa akiba na walimu. Aliyejiajiri yeye anaendelea kuzitoa kwenye kipato kama kawaida, na kuna majimbo kama California yana utaratibu wake kwenye kodi ya jimbo. Australia mambo ni tofauti kabisa, aliyeajiriwa anadai vitu vingi tu. Uingereza anaweza kudai ila kipimo ni kikali, gharama yote iwe ni ya lazima kwa ajili ya kufanya hiyo kazi, na isiwe na shughuli nyingine pembeni. Ujerumani kila mfanyakazi anapewa euro 1,230 kwa mwaka bila kuonyesha risiti hata moja (ni hivyo tangu 2023), kwa hiyo kukusanya vikaratasi kuna maana tu kama jumla yako inavuka hapo. Na Kenya aliyeajiriwa akifaili, kinachompunguzia kodi hasa ni michango ya pensheni, riba ya mkopo wa nyumba anayokaa, bima na vitu vya namna hiyo, sio nauli wala laptopu aliyonunua mwenyewe. Kwa hiyo kabla hujafungua folda ya risiti soma ukurasa wa mamlaka ya kodi ya nchi husika, wa mwaka huo unaojaza, sio wa mwaka jana, maana viwango vinabadilika.

Sasa kitu kingine kinachowachanganya wengi. Ukidai gharama hurudishiwi ile hela yote. Inatolewa kwenye kipato, afu kodi inapigwa kwenye kinachobaki. Umetumia 1,000 na kipande cha juu cha mshahara wako kinakatwa asilimia 30, ulichookoa ni 300, zile 700 zimetoka mfukoni kwako na hazirudi. Naona watu wananunua kompyuta wiki ya mwisho ya mwaka wa kodi eti "si ntaidai", hapana, kama ulikuwa huihitaji hujaokoa kitu. Na hata ungeihitaji, kifaa cha bei kubwa mara nyingi hakidaiwi chote mwaka mmoja, kinagawanywa kwa miaka ya matumizi, mfano Australia kikizidi dola 300 mfanyakazi anakidai kidogo kidogo. Unafuu wa kodi ndo tofauti, ule unatoka kwenye kodi yenyewe, kama zile shilingi 2,400 kwa mwezi anazopunguziwa mlipa kodi mkazi wa Kenya. Usiweke vitu hivi viwili kwenye kapu moja utapiga hesabu za ajabu.

Tuje kwenye uhusiano wa gharama na kazi, hapa ndo penye kazi yenyewe na ndo pa kutulia.

Nauli ya nyumbani kwenda kazini. Kila mtu anataka kuidai na sehemu nyingi hairuhusiwi, Uingereza hapana, Australia hapana, Marekani hata aliyejiajiri hapana. Wanavyoona ni kwamba kuishi mbali na kazi ni uamuzi wako, kazi yenyewe inaanza ukishafika. Safari za katikati ya siku ndo zinaingia, umetoka ofisini unaenda kwa mteja, au unatoka kituo kimoja cha kazi kwenda kingine. Ujerumani wao wanakubali hata hiyo ya nyumbani, wanahesabu kwa kilomita, ndo maana nawaambia nchi kwanza.

Nguo nazo. Suti uliyonunua kwa sababu bosi anataka mpendeze haiingii, hata kama huivai pengine popote. Kuna kesi maarufu ya Uingereza, wakili Ann Mallalieu alidai gharama za nguo nyeusi za kwenda mahakamani, na kwa kweli nje ya kazi alikuwa hazivai, lakini mwaka 1983 mahakama ya juu ya huko ikamkatalia kwa sababu nguo zinamsitiri na kumpa joto kama binadamu mwingine yeyote. Na huyo alikuwa amejiajiri. Kinachokubalika ni yunifomu yenye nembo, buti za usalama, helmeti, koti la kuakisi mwanga, vitu ambavyo mtu akikuona barabarani anajua unafanya kazi gani au vinakulinda na hatari ya kazi.

Masomo ndo yananoga zaidi maana mstari wake ni mwembamba. Kozi inayokuongezea ujuzi kwenye kazi unayofanya sasa hivi, Australia unaidai, na Marekani aliyejiajiri anaidai. Kozi ya kukuingiza kwenye kazi mpya, hapana. Nesi anayesomea uuguzi wa wagonjwa mahututi yuko vizuri, nesi huyo huyo akisomea sheria hayuko vizuri, hata akikwambia sheria inamsaidia wodini. Kwa hiyo mteja akisema "nalipa ada" usiandike chochote kwanza, muulize anasoma nini na leo anafanya kazi gani.

Simu na intaneti unagawa. Hakuna anayeamini simu yako ni ya kazi asilimia 100, familia hawakupigii? Chukua wiki nne za kawaida, sio za likizo wala za presha ya mwisho wa mwaka, andika matumizi ya kazi na ya kwako, upate asilimia, hiyo ndo utumie mwaka mzima. Kwa wanaofanyia kazi nyumbani kuna nchi zina kiwango kimoja cha kurahisisha, Australia kuanzia mwaka wa kodi 2024-25 ni senti 70 kwa saa, ila humo ndani simu na intaneti na umeme vishahesabiwa, ukitumia hicho usirudi tena kudai bili ya simu pembeni maana unakuwa umedai mara mbili, na saa zenyewe uwe umeziandika. Kuziandika kwa mwaka mzima, sio kukisia siku ya kujaza.

Halafu kama kazini walikurudishia hela, hiyo sio gharama yako tena, basi. Wengine wanasahau kweli, wengine wanajisahaulisha.

Ushahidi sasa. Risiti nyingi za siku hizi zinafutika maandishi, ukiiacha kwenye gari miezi mitatu inakuwa karatasi nyeupe, kwa hiyo ipige picha siku ile ile na uiweke kwenye folda ya mwaka husika. Taarifa ya benki inaonyesha hela imeenda duka gani ila haisemi umenunua nini, peke yake haitoshi. Na ile habari ya Australia kwamba chini ya dola 300 risiti hazihitajiki inaeleweka vibaya kila mwaka, watu wanaweka 299 kama vile ni zawadi. Sio zawadi. Lazima uwe umetumia kweli na uweze kueleza umepataje hiyo namba. Kuhusu muda wa kutunza, Australia kawaida ni miaka mitano baada ya kufaili, kwingine angalia sheria ya hapo, mimi huwa nasema kama kifaa unakidai kwa miaka kadhaa basi risiti yake ikae mpaka mwisho wa hiyo miaka na zaidi.

Mnaojazia watu, njia ya kuuliza ndo inafanya tofauti. Ukimuuliza mteja "una gharama gani za kazi" atasema hana, au atakusomea listi ya kwenye video. Mwambie akusimulie siku yake ya kazi toka anaamka, anatumia nini, nani kanunua, anaenda wapi mchana. Hapo unasikia mwenyewe "tunajinunulia glavu" au "namtembelea mteja kwa gari langu", vitu ambavyo asingevitaja. Na asikulazimishe namba, ukiona kila kitu ni mia tano, mia tano, elfu moja, rudi muombe karatasi. Kwa kawaida mwenye ritani ndo anayebanwa mamlaka ikiuliza, hata kama umejaza wewe, mwambie hivyo kabla hajasaini, maana wengi wanadhani wakishakulipa mzigo umehama.

Na msiwe watu wa gharama tu mkasahau upande wa kipato. Waajiri na benki sehemu nyingi wanapeleka taarifa zao moja kwa moja kwa mamlaka, ile kazi ya pembeni ya wikiendi na riba ya akaunti ya akiba vinaweza kuwa vishaonekana kule kabla hujafungua kompyuta. Linganisha fomu ya mwajiri (Kenya ni P9) na slipu za mshahara mwezi kwa mwezi, zikipishana mtafute mhasibu wa kazini mapema, sio siku ya mwisho mtandao ukiwa umeelemewa. Mwisho wa kufaili Kenya ni 30 Juni, ukichelewa faini ya mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa kati ya hizo. Uingereza kwa mtandao ni 31 Januari, Australia ukijaza mwenyewe ni 31 Oktoba.

Ukishatuma, pakua nakala ya ritani na ujumbe wa kupokelewa uweke kwenye folda ile ile ya risiti, na neno la siri la mteja usibaki nalo kwenye simu yako.