Wiki za Mwanzo za Metformin: Tumbo, Daladala na Choo cha Kulipia

Tuanze na lile ambalo wengi hatulisemi kliniki: metformin, dawa ya kisukari, inaharisha. Haimharishi kila mtu, na haiendelei milele, lakini ukianzishiwa dawa hii ujue tumbo linaweza kukugeuka kwa siku au wiki kadhaa. Inakadiriwa kwamba karibu mtu mmoja kati ya wanne hupata shida ya tumbo: kuharisha, kichefuchefu, gesi, kukosa hamu ya kula. Wanaoshindwa nayo kabisa ni wachache, kama mmoja kati ya ishirini. Mimi niliangukia kwenye ile robo. Nauza vitenge Kariakoo, nakaa Mbagala, na katikati kuna foleni isiyojua tumbo la mtu lina hali gani.

Kwenye benchi la kliniki ya kisukari nimekaa na watu wengi walioacha vidonge kimyakimya. Sioni kama ni wakaidi. Wana aibu. Mama wa makamo atamwambiaje daktari mwenye umri wa mwanawe kwamba juzi alishuka kwenye daladala kabla ya kituo chake na kanga imeshaharibika? Akiulizwa, "Mama, dawa unameza vizuri?" anajibu, "Namshukuru Mungu, baba." Daktari anatazama kipimo, sukari bado iko juu, basi anaongeza dozi ya dawa ambayo haimezwi, au anaandika dawa ya pili juu yake. Sasa mama ana mifuko miwili ya vidonge kabatini, na sukari iko palepale. Yote hayo kwa sababu ya neno moja lisilotamkwa. Litamke. Daktari ameshasikia mabaya zaidi ya hayo asubuhi hiyohiyo.

Kinachosaidia zaidi ni kuanza kidogo. Kawaida mtu huanza na miligramu 500 mara moja au mbili kwa siku, halafu dozi inapandishwa taratibu kila baada ya wiki moja au mbili, tumbo likiwa limezoea. Dawa hii hukusanyika kwa wingi kwenye kuta za utumbo kuliko kwenye damu, ndiyo maana tumbo ndilo linalolalamika kwanza, na ndiyo maana haraka haifai. Kama umeandikiwa dozi kubwa tangu siku ya kwanza, uliza hapohapo, "Daktari, naweza kuanza na kidogo nikapanda?" Hilo swali halina utovu wa adabu wowote.

Halafu chakula. Karatasi ya dawa inasema "baada ya kula", lakini wengi wetu tunatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kikombe cha chai ya rangi, tukidhani tumekula. Chai ya rangi si chakula. Kidonge kikikuta tumbo tupu, utakumbuka maneno yangu ukiwa Mtongani, katikati ya foleni. Mimi nakimeza katikati ya mlo: nusu ya sahani, kidonge, nusu iliyobaki. Nilimwomba daktari dozi ya mwanzo iwe ya usiku badala ya asubuhi, akakubali bila neno. Tumbo likichachamaa, linachachamaa nikiwa nyumbani kwangu, choo changu, maji yangu. Kwa mtu anayeshinda kwenye kibanda cha biashara, badiliko hilo moja lina thamani kuliko nusu ya ushauri mwingine wote.

Kwa wiki hizo punguza chipsi mayai, mihogo ya kukaanga, pilipili na sahani kubwa za maharage. Na jihadhari na zile pipi na biskuti za "wagonjwa wa kisukari" zinazouzwa supamaketi kwa bei ya kuumiza. Nyingi zimetiwa utamu kama sorbitoli, ambao wenyewe unaharisha. Mtu anakula pipi tano kuondoa ladha ya chuma mdomoni, kisha anailaumu metformin peke yake. Hiyo ladha ya chuma ni kweli ipo, na kwangu iliisha yenyewe. Nilikuwa natafuna karafuu au kipande cha tangawizi.

Kuhusu safari nitasema kifupi, kwa kuwa kila mtu anaijua njia yake. Jua vyoo vilipo: kituo cha mafuta, msikiti, choo cha kulipia sokoni. Weka sarafu pembeni, maana pale mlangoni hakuna muda wa kusubiri chenji ya elfu kumi. Kanga ya ziada kwenye mkoba. Na kama una safari ya mkoani, usiipange wiki uliyopandishiwa dozi. Basi halisimami hovyo, utachimba dawa pale dereva anapotaka yeye.

Ukivumilia wiki kadhaa na hali haibadiliki, ipo metformin inayoyeyuka polepole. Kwenye pakiti utaona herufi SR au XR baada ya jina. Matumbo mengi huipokea vizuri zaidi. Bei yake mara nyingi iko juu kidogo, na si kila kituo kinayo, kwa hiyo uliza kabla ya kukata tamaa. Hiyo imeze nzima, usiivunje wala kuisaga. Na usishtuke ukiona kitu kama kidonge kizima kwenye choo: ni ganda tu, dawa yenyewe imeshaingia mwilini. Shoga yangu mmoja alitaka kurudisha pakiti dukani akidai kauziwa feki.

Kuna mambo mengine mawili yanayotisha mwanzoni, na hayatajwi sana. La kwanza ni macho. Sukari ikianza kushuka baada ya kukaa juu muda mrefu, macho yanaweza kuona ukungu kwa wiki kadhaa, kwa kuwa lenzi ya jicho nayo inajirekebisha. Usikimbilie kununua miwani, subiri sukari itulie (ila kama jicho moja limeingia giza ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo). La pili ni kutetemeka na kutoka jasho kana kwamba sukari imeshuka, kumbe kipimo kinasoma 7 (kwa mmol/L). Mwili uliozoea 17 unaiona 7 kama njaa. Pima kwanza kabla ya kunywa soda. Kama huna kipimo karibu, usibahatishe, kunywa kitu kitamu.

Na hapa tutofautishe dawa, maana watu wanazichanganya. Metformin ikiwa peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Glibenclamide, dawa nyingine ya kisukari, inaishusha, na ukiimeza bila kula inaweza kukuangusha. Mjomba wangu aliimeza akaenda shamba bila kula mchana. Alikutwa amekaa chini ya mwembe anaongea maneno yasiyoeleweka, watu wakidhani amelewa. Sukari ikiwa chini ya 4, koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, kunywa, pima tena baada ya dakika 15, kisha kula chakula. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inasema glibenclamide haifai kwa waliovuka miaka 60, kwa hiyo kama mzazi wako anaitumia, kamuulizie daktari kama anaweza kubadilishiwa. Anayetaka kufunga Ramadhani naye aende kliniki mapema, kabla ya mwezi kuandama, apangiwe dozi za futari na daku.

Yapo pia ya kutovumiliwa. Ukiwa unatapika na kuharisha mfululizo hadi maji yanapungua mwilini, iwe ni chakula kibovu au kipindupindu, sitisha metformin na uwasiliane na kliniki siku hiyo. Ukipumua kwa haraka na kwa shida, misuli inauma, umelegea kupita kawaida, nenda hospitali. Hiyo inaweza kuwa asidi kujaa kwenye damu, jambo la nadra lakini linaloua, na huwapata zaidi wenye figo dhaifu au wanaokunywa pombe nyingi. Kama utapigwa picha ya CT ya kuchomwa dawa mshipani, waambie unatumia metformin.

Kuhusu figo, ule uvumi wa mtaani kwamba metformin inaua figo umegeuzwa kichwa chini. Kinachoua figo ni sukari iliyoachwa juu miaka na miaka. Metformin haitolewi kwa mtu ambaye figo zimeshachoka sana, kwa sababu zinashindwa kuitoa mwilini. Ndiyo maana unapimwa kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, kabla ya kuanza na mara kwa mara baadaye. Usipopimwa, dai.

Ukishaizoea na kuitumia kwa miaka, omba pia kupimwa vitamini B12, maana metformin huipunguza taratibu. Ganzi na michomo ya miguu inayotokana na upungufu huo hufanana kabisa na ile ya kisukari chenyewe, lakini hii ya B12 ina tiba ya sindano au vidonge, na ikichelewa sana mishipa haipati nafuu kamili.