Maswali ya Wasomaji: Mzazi Anayefundisha Nyumbani Hujifunzaje Ualimu?

Barua tatu za toleo hili zinatoka kwa wazazi wanaowasomesha watoto wao nyumbani. Hakuna kati yao anayeuliza kama aendelee au aache. Uamuzi huo wameshaufanya. Wanachouliza ni jinsi ya kuifanya kazi hiyo vizuri zaidi ya walivyoifanya mwaka jana. Barua ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu imebeba jambo ambalo hata sisi tuliopitia vyuo vya ualimu huchukua miaka kulielewa.

Swali

Mwalimu, pokea salamu zangu. Shule zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 niliwaketisha watoto wangu mezani kama wazazi wengine, na zilipofunguliwa Januari 2021 mimi na mume wangu tukaamua kuendelea hivyo hivyo. Kifungua mimba wetu alijua kusoma karibu bila msaada. Wa pili, ambaye sasa ana miaka 8, anakwama kila siku. Nimebadilisha vitabu na mtaala mara tatu, na kila mara nafuu hudumu wiki mbili tu. Napaza sauti, naye analia, kisha nakwenda jikoni kulia peke yangu. Nilisomea uhasibu, sikusomea ualimu. Nimefundisha miaka yote hii, lakini sioni kama nimekuwa mwalimu bora kuliko nilivyoanza. Nifanye nini?
*Mama wa Watatu, Nakuru*

Jibu

Mama, pole kwa hayo machozi ya jikoni, na ahsante kwa kuyaandika bila kuyapamba. Mtu aliyesomea uhasibu anajua kwamba hesabu zikikataa kulingana hatupi daftari akanunua jipya, bali hurudi kwenye kila ingizo hadi aone kosa lilipo. Kwa mwanao umekuwa ukinunua daftari jipya. Mtaala unaweza kuwa mbaya, ni kweli, lakini mitaala mitatu iliyotungwa na watu watatu tofauti haiwezi kumkwamisha mtoto mmoja kwa namna ile ile. Jambo ambalo bado hujaliona limo ndani ya usomaji wake, na ualimu wako utakua siku utakapoanza kulichunguza kwa utulivu ule ule unaowapa wateja wako.

Anza hivi. Kwa muda wa wiki moja usimfundishe kusoma, msikilize tu. Mpe kila asubuhi ukurasa mmoja mwepesi, nawe ukae kando yake na karatasi, uandike kila neno alilolikosea pamoja na alivyolitamka, bila kumsahihisha. Mwisho wa wiki zipange karatasi hizo pamoja, utafute makosa yanayofanana. Huenda ukaona kwamba "baba", "kitabu" na "samaki" humpita bila shida, lakini hujikwaa kwenye "mtoto", "mkono", "mbuzi" na "ndizi". Hapo utakuwa umepata jambo mahususi la kufundisha. Katika "mtoto" herufi m ni silabi inayosimama peke yake, m-to-to, silabi tatu. Katika "mbuzi" m hiyo hiyo imeungana na b, mbu-zi, silabi mbili. Sisi tuliozaliwa na Kiswahili hutamka tofauti hiyo bila kuifikiria, na ndiyo sababu hatukumbuki kuifundisha. Au utaona kwamba anachanganya "ngoma" na "ng'ombe", au kwamba husoma silabi ya kwanza kisha akabahatisha zilizobaki kwa kutazama picha. Kila moja ya hali hizi ina tiba yake, na hakuna ambayo tiba yake ni kupaza sauti. Kifungua mimba wako huenda alizigundua kanuni hizi mwenyewe, kwa hiyo hukuwahi kulazimika kuzijua. Mtoto anayeelewa haraka humficha mwalimu mapungufu yake. Anayekwama ndiye anayemfundisha kazi.

Kama baada ya wiki mbili au tatu za kusikiliza hivyo huoni mpangilio wowote katika makosa, au anasogeza kitabu karibu na uso, apimwe macho na masikio kabla ya lingine lolote. Nimewahi kumwadhibu mtoto darasani kwa uzembe kumbe haoni ubao, na hadi leo jambo hilo linaniuma.

Sasa nije kwenye kukua kwako. Mwaka 1998 Kenya, kwa ushirikiano na shirika la Kijapani la JICA, ilianza mradi wa kuwaimarisha walimu wa hisabati na sayansi wa shule za sekondari, mradi ambao walimu waliuita SMASSE. Walioupitia watakumbuka mzunguko wake wa hatua nne: panga, tenda, ona, boresha. Wazazi wengi hufanya mbili za kwanza tu. Wanapanga somo, wanalifundisha, kisha wanafungua ukurasa unaofuata. Hatua ya kuona na ile ya kuboresha ndizo zinazomtofautisha mwenye uzoefu wa miaka mitano na yule aliyerudia mwaka mmoja mara tano.

Kwa hiyo tenga daftari moja lako wewe, si la watoto. Kila jioni, kabla hujasahau, andika sentensi tatu: leo nilikusudia ajifunze nini, alifanya au alisema nini hasa, kesho nitabadilisha nini. Sentensi ya pili ndiyo ngumu, kwa kuwa mkono utataka kuandika "hakuelewa" au "alikuwa mvivu". Hizo ni hukumu, nawe unahitaji ushahidi. Andika "alisoma mbuzi kama mubuzi mara tatu, mara ya nne akajisahihisha". Daftari hili lina faida nyingine pia. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, nayo haikuipa elimu ya nyumbani nafasi iliyo wazi, hivyo mzazi mwenye azimio la kazi, maandalio ya masomo na rekodi ya kazi iliyofanyika yuko mahali pazuri zaidi akiulizwa kuliko asiye na chochote cha kuonyesha.

Jambo la pili ni kunyamaza. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima miongo kadhaa iliyopita muda ambao walimu humsubiri mwanafunzi baada ya kuuliza swali, akakuta kwamba kwa kawaida hausogei mbali na sekunde moja. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, na waliokuwa kimya wakaanza kusema. Nyumbani hali huwa ngumu zaidi, kwa kuwa mama amezoea kumsaidia mtoto kabla hajaomba. Uliza, kisha hesabu moyoni mpaka tatu huku umetazama kitabu, si uso wake.

Na tatu, usifundishe bila kuwa na jicho la pili. Walimu wa Japani wana desturi ya kuandaa somo kwa pamoja, mmoja akalifundisha huku wenzake wakiwatazama wanafunzi, kisha wote wakaketi kulijadili. Mtafute mzazi mmoja anayefundisha nyumbani kama wewe, akae nyuma ya chumba chenu asubuhi moja kwa mwezi, nawe ukakae kwake. Mkubaliane kwamba mgeni atatazama mtoto anafanya nini, wala hatamkagua mama. Usipompata, weka simu juu ya kabati irekodi dakika kumi za somo, uzitazame watoto wakishalala. Utajisikia vibaya mara ya kwanza, sisi sote tulijisikia hivyo, lakini utaona ni wakati gani hasa sauti yako hupanda, na mara nyingi utagundua kwamba ilipanda kabla mtoto hajakosea.

Swali

Mwalimu, mimi na mke wangu tumegawana masomo, nami nina hisabati. Binti yetu wa Gredi ya 4 anakosea kutoa namba kubwa ingawa nimemwonyesha njia mara nyingi. Mfano, 402 toa 178 anaandika 376. Mke wangu anasema ni kutokuwa makini. Mimi mwenyewe sikuwa hodari wa hesabu shuleni, na nahofia nimemwambukiza.
*Baba wa Kitengela*

Jibu

Ndugu yangu, hilo jibu la 376 litazame tena pamoja na mama yake, kwa kuwa binti yenu alikuwa makini kabisa. Katika mamoja aliona 2 na 8 akatoa ndogo kutoka kubwa, akapata 6. Katika makumi aliona 0 na 7, akapata 7. Katika mamia alitoa 1 kutoka 4, akapata 3. Ana kanuni, naye anaifuata kwa uaminifu. Ni kanuni yenyewe iliyo na kasoro. Ukimwambia "kuwa makini" ataifuata kwa uangalifu zaidi na kukosea vile vile.

Kabla hujamwendea, jifunze wewe kwanza. Chukua vijiti au njiti za kiberiti, ufunge mafungu ya kumi kumi, kisha mafungu kumi pamoja yawe mia. Weka mezani mamia 4 na vijiti 2, makumi hakuna. Sasa jaribu kutoa 178 kwa mikono. Utalazimika kufungua mia moja ipatikane makumi 10, kisha ufungue kumi moja ipatikane mamoja 10. Mbele yako kutakuwa na mamia 3, makumi 9 na mamoja 12, na jibu la 224 litatoka lenyewe. Mweleze mke wako kwa sauti kwa nini ile sifuri iligeuka kuwa 9. Usipoweza, rudia. Wengi wetu tulifundishwa kukariri "kukopa" bila kuona nani anamkopesha nani, na huo ndio udhaifu unaouita kutokuwa hodari. Siku utakapoweza kueleza bila kusitasita, mpe binti yako vijiti hivyo, umwombe akuonyeshe 376 yake ilivyopatikana. Acha vijiti vyenyewe vimkatalie.

Kuhusu hofu yako: usiseme mbele yake kwamba wewe si mtu wa hesabu. Mwambie unajifunza upya, kisha akuone ukijifunza.

Swali

Mwalimu, tunaishi Houston, tumetoka Bukavu. Ninawasomesha wanangu wawili nyumbani, lakini Kiingereza changu si kizuri. Je, niache kuwafundisha kwa Kiswahili ili nisiwarudishe nyuma?
*Mama Furaha*

Jibu

Usiache, dada. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Texas wa mwaka 1994, shule ya nyumbani katika jimbo hilo huhesabiwa kuwa shule ya binafsi, na masomo yanayotakiwa ni kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema. Kusoma na tahajia za Kiingereza wanazihitaji, na hapo tafuta msaada wa mtu anayekijua vizuri, hata mara mbili kwa wiki, nawe ukae ujifunze pamoja nao. Lakini kufikiri, kupanga mawazo na kueleza sababu utawafundisha vizuri zaidi katika lugha ambayo wewe mwenyewe hukwami.

Charlotte Mason, mwalimu wa Uingereza aliyeshiriki kuanzisha umoja wa kuwaelimisha wazazi mwaka 1887, alitegemea sana njia moja rahisi: mtoto asikilize kifungu mara moja tu, kisha akisimulie chote kwa maneno yake mwenyewe bila kuulizwa maswali. Wewe umeikuta njia hiyo nyumbani, kwenye paukwa na pakawa. Wasomee au wasimulie kwa Kiswahili, mmoja arudie, mwenzake aongeze kilichosahaulika. Anza na dakika tano za hadithi, urefushe kadiri wanavyozoea. Wakishaweza kusimulia kwa mpangilio, waandike masimulizi hayo, siku moja kwa Kiswahili na siku inayofuata kwa Kiingereza, na yule anayewasaidia Kiingereza aanzie hapo kusahihisha.