Kabla hujakatwa ufizi, uliza habari ya mfupa

Daktari wa meno akikuambia ufizi lazima upunguzwe ndipo jino livikwe krauni (kofia ya kufunika jino), mwulize: unakata ufizi peke yake, au mfupa pia?

Gego langu lilivunjika likabaki kisiki, upande mmoja umezama chini ya ufizi. Halikuniuma, kwa kuwa mizizi ilikuwa imeshatibiwa, ila krauni haikuwa na pa kushika. Daktari mmoja katikati ya jiji alitaka kukata siku hiyohiyo, bila picha wala kipimo. Nikamshukuru, nikashika njia.

Mtaalamu wa fizi niliyemwendea Upper Hill, Nairobi, alipiga eksirei kwanza, kisha akapima kwa kijiti chembamba chenye alama za milimita. Kati ya ukingo wa krauni na mfupa, alinieleza, panatakiwa kama milimita 3. Pasipotosha, ufizi hupanda tena, au hubaki mwekundu, unavuja damu kila ukipiga mswaki. Ndiyo sababu mara nyingi mfupa nao huchongwa kidogo. Alitazama pia urefu wa mzizi, maana mzizi mfupi ukichongewa mfupa jino hulegea, na hapo heri kung'oa.

Wewe unayetaka kupunguza fizi kwa ajili ya tabasamu, taja dawa zote unazomeza. Amlodipini na nifedipini za presha, na fenitoini ya kifafa, huweza kuvimbisha fizi. Usiziache kwa uamuzi wako, mwone aliyekuandikia. Na kama fizi huonekana kwa sababu mdomo wa juu hupanda sana ukicheka, kisu cha ufizi hakitakusaidia sana.

Kazi yenyewe si ya kutisha: ganzi, mashine inanguruma, nyuzi. Maumivu huja ganzi ikiisha. Mimi nilitumia parasetamoli. Aspirini huzidisha damu, usiinywe kwa kujitibu (kama uliandikiwa kwa ajili ya moyo, hilo ni la kuzungumza na daktari). Uji uliopoa na viazi vya kuponda vilinitosha. Githeri ingoje, na sigara pia. Dawa ya kusukutua ya klorheksidini huacha madoa ya kahawia kwenye meno, na sisi wa chai kila saa tunayapata upesi.

Bei uliza yote pamoja: upasuaji, krauni ya muda na ile ya kudumu. Bima nyingi hukataa kulipia urembo, kwa hiyo kama jino limevunjika, liandikwe hivyo kwenye fomu. Jina la daktari litafute katika orodha ya KMPDC, baraza la Kenya linalosajili madaktari, mtandaoni.

Kinachochosha ni kungoja. Gego huhitaji wiki 6 au zaidi kabla ya krauni ya kudumu. Meno ya mbele hufika miezi 3 hata 6, kwa sababu ufizi huendelea kujipanga, na ukiharakisha ukingo wa krauni utaonekana. Mimi nilichosumbuka nacho ni jino la jirani, ambalo nalo lilifunuliwa kidogo: maji baridi yalilichoma hadi nikabadilisha dawa ya meno, nikachukua ile ya meno yanayochomwa na baridi.