Picha ya Dilip Kumar kwenye sanduku la babu

Ndugu yangu, umeuliza kama picha ya Dilip Kumar, yule mwigizaji wa sinema za Kihindi, uliyoikuta kwenye sanduku la marehemu babu hapo Lamu ni ya zamani kweli. Chukua lenzi ya kukuzia. Ukiona vitone vilivyojipanga safu, imechapwa kwa mashine, kama za magazeti. Picha iliyosafishwa studio haina vitone. Ule mng'ao wa fedha pembeni usikutishe: ni fedha ya picha yenyewe imepanda juu kwa uzee, nami huupenda mno. Tafadhali usiusugue! Wala usiitie kwenye albamu ya plastiki, unyevu wetu wa pwani utaigandisha. Ifunge kwa karatasi isiyo na asidi, uilaze kabatini, mbali na ukuta wenye chumvi.