Adhabu ipimwe kwa kitendo, si kwa damu

Swali lenu la wiki hii liliuliza: katika mchezo unaoufuatilia, ungebadilisha kanuni gani moja ili wachezaji wasiumizwe hovyo? Mchezo wangu ni hoki ya barafuni, hasa NHL, ligi ya timu 32 za Marekani na Kanada. Wala si mchezo wa watu wa mbali tu, kwani Kenya ilipokelewa katika shirikisho la kimataifa, IIHF, mwaka 2024. Jibu langu ni hili: mwamuzi asipime kosa kwa damu iliyomwagika. Alipime kwa kitendo chenyewe.

Kanuni ya 60 ya NHL inahusu gongo, yaani fimbo ya kuchezea, linaloinuliwa juu ya mabega na kumgusa mpinzani. Likimgusa bila kumuumiza ni adhabu ndogo, dakika 2 kwenye kizimba cha adhabu, huku timu yake ikicheza pungufu. Likimuumiza, hata kwa bahati mbaya, adhabu inakuwa maradufu, dakika 4. Na kuumia, kwa mazoea ya uwanjani, maana yake ni damu. Ndiyo sababu mchezaji aliyeguswa mdomoni huvua glavu palepale, akapitisha kidole kwenye fizi na kumwonyesha mwamuzi. Kidole kikitoka kikavu, dakika 2. Kikitoka chekundu, 4.

Sasa tazama matokeo yake. Mchezaji mwenye hasira anazungusha gongo kwa mikono miwili, linaishia kwenye helmeti ya mpinzani, hakuna tone la damu: anaweza kutoka na dakika 2. Mwingine anateleza, gongo linampanda bila yeye kutaka, ncha inachana kidogo mdomo wa mpinzani: 4. Wa kwanza ndiye mtu wa kuogopwa, lakini kanuni inambana wa pili. Jeraha na hatia ni vitu viwili tofauti. Tarehe 11 Machi 2000 huko Ottawa, Bryan Berard wa Toronto alipigwa kwenye jicho la kulia na gongo la Marian Hossa, karibu alipoteze kabisa. Hossa alikuwa anapiga shuti, hakuwa na ubaya wowote. Kanuni hiyohiyo ya 60 inamsamehe mtu ambaye gongo lake linapanda mwishoni mwa shuti la kawaida, kwa hiyo waandishi wake wanajua vizuri kwamba jeraha kubwa linaweza kutokea pasipo kosa. Wamelijua kwenye aya moja, wakalisahau kwenye aya nyingine.

Damu inabadilisha hata ni nani anayeruhusiwa kuona. Mechi ya NHL ina waamuzi wanne. Wawili wenye utepe wa rangi ya machungwa mkononi ndio wanaotoa adhabu. Mmoja hukaa karibu na mstari wa goli upande unaoshambuliwa, mwingine hubaki nyuma kuelekea katikati. Wawili wengine ni waamuzi wa mistari, kazi yao kuu ni kuotea, kutupa paki (kisahani cha mpira kinachochezewa) na kutenganisha wanaopigana. Hawa wa mistari hawawezi kutoa dakika 2 kwa gongo la juu, hata likipita mbele ya pua zao. Lakini likisababisha jeraha wanaruhusiwa kusimamisha mchezo na kuripoti. Kosa lilelile, mtu yuleyule aliyesimama mita tatu, anakuwa shahidi au si shahidi kutegemea ngozi ya aliyepigwa.

Kwenye vikumbo, yaani kumgonga mpinzani kwa mwili, ni vilevile. Kanuni ya 41, inayohusu kumsukumia mtu kwenye ukuta unaozunguka uwanja, inasema adhabu ya dakika 5 ikitolewa kwa kosa lililomjeruhi mpinzani usoni au kichwani, mkosaji lazima atolewe mechi nzima.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni San Jose, 23 Aprili 2019, mechi ya 7 ya raundi ya kwanza ya mtoano. Vegas inaongoza 3-0, zimebaki kama dakika 11. Paki inatupwa kati ya Joe Pavelski wa San Jose na Cody Eakin wa Vegas. Mara baada ya kuigombea, Eakin anamsukuma Pavelski kifuani kwa gongo alilolishika mikono miwili, msukumo wa aina inayoonekana kila mechi na mara nyingi hupita bila kipenga. Pavelski anapepesuka, anakutana na Paul Stastny aliyekuwa anapita, Stastny anamgusa Pavelski akiwa tayari hana mizani, na kichwa kinatua kwenye barafu. Damu inaonekana. Waamuzi wanakusanyika na kushauriana, kisha Eakin anapewa dakika 5 na kutolewa.

Hapa lazima mtu aelewe tofauti ya dakika 2 na 5. Adhabu ndogo hukatika pale wapinzani wanapofunga. Adhabu kubwa haikatiki: muda wote wa dakika 5 unatumikiwa, hata yafungwe mabao mangapi. San Jose walifunga manne: Logan Couture, Tomas Hertl, Couture tena, na Kevin Labanc. Vegas walisawazisha mwishoni, lakini Barclay Goodrow akamaliza kazi katika muda wa nyongeza, 5-4. Msukumo wa Eakin ulikuwa wa dakika 2, si zaidi. Dakika 3 za ziada zilitokana na jinsi Pavelski alivyoanguka, na msimu mzima wa Vegas ukaishia hapo.

Ligi iliona aibu ikarekebisha. Tangu msimu wa 2019-20, kila adhabu ya dakika 5 isiyo ya ngumi lazima iangaliwe kwenye video. Mwamuzi anatangaza 5, anakwenda kwenye meza pembeni ya kizimba, anavaa spika za masikioni, anatazama marudio kwenye kishikwambi, halafu anathibitisha au anapunguza. Ni yeye mwenyewe anayeamua; mabao ndiyo yanayoamuliwa na chumba cha video cha Toronto. Ni hatua nzuri, lakini ina tundu. Mwamuzi akitoa 2, hawezi kwenda kwenye video na kuipandisha kuwa 5. Kwa hiyo waamuzi wamejifunza kutangaza 5 kwanza kila wanapokuwa na shaka, ili wapate ruhusa ya kutazama. Na nini huwatia shaka? Mtu aliyelala chini. Kikumbo kibaya ambacho mlengwa wake ameinuka na kuendelea kucheza hakifiki kwenye kishikwambi kabisa.

Upande huo wa pili ndio unaoniumiza zaidi, kwa sababu mtikisiko wa ubongo hautoi damu. Tarehe 1 Januari 2011, katika mechi ya nje mjini Pittsburgh, bega la David Steckel wa Washington lilikutana na kichwa cha Sidney Crosby. Hakuna adhabu. Crosby aliinuka, akarudi kucheza. Tarehe 5 Januari alicheza tena, Victor Hedman wa Tampa Bay akamsukumia ukutani, akapewa dakika 2. Baada ya hapo Crosby, aliyekuwa na pointi 66 (mabao na pasi za mabao) katika mechi 41, hakuonekana uwanjani hadi 21 Novemba, na hata aliporudi alilazimika kukaa nje tena Desemba hadi Machi. Mchezaji bora wa kizazi chake, na jumla ya adhabu kwa vitendo vyote viwili ni dakika 2. Sisemi Steckel alikusudia. Video haionyeshi hivyo. Nasema kipimo cha damu usiku ule kilisoma sifuri.

Mwaka mmoja kabla, 7 Machi 2010, Matt Cooke wa Pittsburgh alimjia Marc Savard wa Boston kutoka pembeni, Savard akiwa ameshapiga shuti na hamuoni, bega likaingia kichwani. Savard alibebwa kwa machela. Cooke hakupewa hata dakika moja wala hakufungiwa, kwa kuwa kikumbo cha bega kichwani kilikuwa halali. Kabla mwezi haujaisha ligi ilipitisha kanuni inayokataza, ambayo sasa ni Kanuni ya 48: ni kosa kichwa kikiwa ndicho sehemu kuu iliyogongwa na kama mgongaji angeweza kukiepuka. Kanuni hii naisifu. Haiulizi kama aliyegongwa ameumia. Inauliza alijaje, kwa pembe gani, je alijinyanyua, je mlengwa aligeuza kichwa dakika ya mwisho. Mfano wa kuandika kanuni nzuri wanao ndani ya kitabu chao wenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo mashabiki wengi hawalioni. NHL ina watazamaji maalumu, wengine wakiwa New York mbele ya skrini, ambao kazi yao ni kutafuta dalili za mtikisiko wa ubongo. Mchezaji akilala bila kutikisika, akipepesuka, au akiwa na macho matupu, wanaagiza atolewe akapimwe mahali patulivu. Akichelewa kuinuka au akishika kichwa baada ya kugongwa kichwani, vilevile. Ni utaratibu mzuri kitabibu. Lakini unganisha na waamuzi wanaopima kwa jeraha, uone mchezaji anavyobanwa. Akibaki chini, timu yake inaweza kupata dakika 5 za faida, ila yeye anatolewa. Akiinuka haraka, anabaki mchezoni, ila aliyemgonga anapona. Katika mtoano, ambako kila mtu anataka kubaki barafuni, wengi huinuka. Tunajua wanavyoficha: Matthew Tkachuk alicheza fainali ya 2023 akiwa amevunjika mfupa wa kifua, na Patrice Bergeron alimaliza ile ya 2013 akiwa na ubavu uliovunjika na pafu lililotoboka. Watu wa namna hii ukiwafanya kipimo cha ukubwa wa kosa, kipimo kitadanganya kila siku.

Wapenzi wa soka hawahitaji maelezo marefu. Kanuni ya 12 ya soka inatenganisha uzembe, kutojali na nguvu kupita kiasi: wa kwanza hauna kadi, wa pili ni njano, wa tatu ni nyekundu. Tarehe 3 Novemba 2019, Son Heung-min wa Tottenham alimkwatua André Gomes wa Everton. Mwamuzi alitoa njano, halafu ulipoonekana mguu wa Gomes ulivyoharibika ikawa nyekundu. Siku chache baadaye FA, chama cha soka cha England, iliifuta kadi ile. Walimhurumia Gomes, na wakakataa huruma hiyo isigeuke hukumu.

NHL ifanye hivyo. Katika Kanuni ya 60, neno jeraha liondolewe, viwekwe viwango vitatu. Gongo lililopanda kwa kuteleza au kuchelewa kulishusha: 2. Gongo lililozungushwa au kuinuliwa bila kujali nani yuko karibu: 4, hata kama limegonga helmeti tu. La makusudi: 5 na kutolewa. Mwamuzi ana vitu vya kutazama: mkono mmoja au miwili kwenye gongo, lilikuwa linaifuata paki au mtu, lilianzia chini likapanda au lilikwisha kuwa juu, na mwenye gongo alijaribu kulizuia au la. Kwa vikumbo, mgongaji alikuwa anaiona namba ya mgongoni ya mlengwa au haioni. Miguu imeacha barafu. Kiwiko kimetoka mwilini. Paki iliondoka muda gani. Na umbali kutoka ukutani. Huu hupewa uzito mdogo mno. Mchezaji aliyejibana ukutani akigongwa, ukuta unabeba mwili mzima. Aliye hatua moja au mbili kutoka hapo anaanguka mbele, na kinachofika ukutani kwanza ni kichwa au shingo. Kumsukuma mtu kwa nyuma katika ukanda huo iwe 5 siku zote, ainuke akicheka au abebwe.

Idara ya Usalama wa Wachezaji, iliyoanzishwa 2011 chini ya Brendan Shanahan na sasa iko kwa George Parros, nayo ibadilike. Inapofungia mtu mechi, jeraha la mpinzani ni kigezo kimojawapo, pamoja na rekodi ya mkosaji. Rekodi ibaki, maana inasema jambo kuhusu mkosaji. Jeraha linasema jambo kuhusu bahati.

Kuna wanaojibu kwamba dakika 4 za damu humfanya mchezaji achunge gongo lake. Kinachomfanya achunge ni kugusa kokote kuadhibiwa, na hilo linabaki. Kilichopo sasa kinamfundisha anayezungusha gongo hovyo kwamba akikosa ngozi amepona nusu. Wengine wanasema mwamuzi hataweza kupambanua uzembe na kutojali kwa kasi ile. Anafanya kazi hiyo tayari kwenye Kanuni ya 41, ambako ukali wa adhabu unategemea nguvu ya kugonga ukuta, na kwenye Kanuni ya 48.

Pa kuanzia ni AHL, ligi iliyo chini ya NHL, ambako ligi hujaribia kanuni: namna mpya ya kuamua paki ndefu, ile inayopigwa kutoka nusu yako hadi kupita mstari wa goli la wapinzani, ilijaribiwa huko 2012-13 kabla NHL haijaipokea msimu uliofuata. Wape msimu mmoja. Kwa kila gongo la juu na kila kikumbo cha ukutani, mwamuzi aliyeinua mkono awatamkie wenzake kiwango, 2, 4 au 5, kabla hajamsogelea aliyeanguka na kabla daktari wa timu hajavuka ukuta. Kiandikwe mezani. Kisha atazame video kwa kila kiwango, si 5 peke yake, na awe na ruhusa ya kupandisha kama alivyo na ruhusa ya kushusha.