Kemia niliielewa dukani, kwenye misumari

Kidato cha pili nilipata 19 ya kemia. Ni 19 kwa mia. Mama akaisoma ripoti, akacheka: "Hata mimi kemia ilinishinda, umenirithi tu." Alitaka kunifariji, lakini mimi nikaona nimeruhusiwa. Kuanzia hapo kipindi cha kemia nilikaa dirishani nikihesabu daladala za Mbagala. Mzazi mwenzangu, kauli hiyo imeze. Mtoto hataisahau, kanuni atazisahau zote.

Tuisheni nilizunguka, hadi Mchikichini. Nilirudi na madaftari yaliyojaa, kichwa kitupu vilevile.

Likizo ya Juni, kidato cha tatu, nikawa namsaidia mjomba dukani kwake Buguruni, anauza vifaa vya ujenzi. Fundi mmoja akataka misumari mia sita ya inchi mbili. Nikachuchumaa naanza mmoja, wawili, watatu. Mjomba akaniangalia weee! "We mjomba, utalala hapa. Hesabu hamsini, weka kwenye mizani, halafu uzito wake zidisha kwa kumi na mbili."

Usiku nikafungua daftari, nikakutana na moli. Moli moja ni chembe 6.02 × 10²³, na hakuna wa kukaa kuzihesabu, kwa hiyo unapima. Chukua sodiamu haidroksaidi, jumlisha uzito wa atomi zake: sodiamu 23, oksijeni 16, haidrojeni 1, jumla 40. Ukipima gramu 40 umeshapata moli moja, ukipima gramu 4 umepata sehemu yake ya kumi. Kumbe ni misumari! Na kama kilo ya inchi nne ilivyo na misumari michache kuliko kilo ya inchi mbili, ndivyo gramu zilezile za vitu viwili zisivyo na chembe sawa.

Mwalimu alikuwa ameshayasema hayo, ila kwa Kiingereza, na mimi shule ya msingi nimesoma kwa Kiswahili. Nilikariri maneno tu. Kwa hiyo ukikwama, jieleze kwanza kwa Kiswahili, hata kwa sauti kama chizi, ndipo uandike kwa Kiingereza, maana mtihani ndiyo lugha yake. Na usianzie mada ya leo. Rudi pale ulipopotelea, hata kama ni kidato cha kwanza. Aibu itapita.

Maabara nayo: sisi tulikuwa wanane kwa bureti moja, ule mrija wa kioo wenye koki wa kudondoshea asidi kwenye chupa mpaka rangi igeuke, na wanaoishika ni walewale wawili. Wanyang'anye. Mara ya kwanza niliachia asidi ikapitiliza, chupa ikawa nyekundu, wenzangu wakanizomea. Mara ya tatu nikaenda tone kwa tone, tone moja likageuza njano kuwa chungwa hafifu. Siku hiyo nilichelewa kwenda kula.

Kidato cha nne nikapata C. Mama akayashika matokeo, akauliza, "Sasa hii umemrithi nani?"

Nikamwambia, kaka yako.